Kofia ya Batuli Niliyoishona Mimi

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa boma la Wadachi hapa Kondoa, na baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nasema haya ili ijulikane ni jina gani nililokuwa nikililinda siku ile niliposema uongo.

Nilipokuwa mwari nilishona kofia za viua, vile vitundu vidogo vya kudarizi. Baba alinichapa mpaka nikaandika kwa mkono wa kulia, lakini sindano iliendelea kukaa kushoto. Nilipoolewa, mume wangu alisema mke wa karani hawashonei watu kofia. Nikaacha kwa miaka ishirini. Binti yetu Batuli nilimlea kwa msahafu na kalamu, nikijivuna kwamba vidole vyake havina alama ya sindano.

Ndipo Athuman wa Busi akaja kuposa. Desturi yetu, mchumba humshonea bwana harusi kofia ya siku ya ndoa kwa mkono wake. Batuli hakujua hata kutunga uzi.

"Mama, tuwaambie tu kwamba sijui."

"Tuwaambie binti wa karani hajui kazi ya mikono? Nyamaza."

Nikanunua bafta na hariri dukani kwa Mhindi, nikafunga mlango. Siku za kwanza vidole viliniasi, matundu yakatoka makubwa kama ya panya. Nikafumua, nikaanza tena. Juma la pili mkono ukakumbuka wenyewe. Nakiri nilifurahi, nikasahau kwamba ninaiba. Sijapata kushona kofia nzuri kama ile.

Mama yake Athuman, Bi Mwantum, alikuja kuichukua pamoja na wifi yake, Anyesi. Akaigeuza ndani nje, akaitazama kwa muda.

"Batuli, mwanangu, umeishona mwenyewe?"

"Siku arobaini hakuinua kichwa," nikajibu.

"Sikukuuliza wewe, mwenzangu." Akachomoa sindano kwenye ukaya aliojitanda kichwani, akampa Batuli. "Hebu nitilie kiua kimoja hapa pembeni."

Batuli akaipokea kwa mkono wa kulia, akabaki ameishika.

"Nyuzi hizi zimelala kinyume," alisema Bi Mwantum. "Aliyeshona hutumia kushoto. Kaka yangu alikuwa na kofia ya Idi ya namna hii hii. Aliishona binti wa mwalimu."

Anyesi akapiga makofi. "Kumbe mama mkwe ndiye anayemvika mkwewe kofia! Na kanzu je, bibi, utamfulia?"

Mkwe mimi, ambaye hata kukaa mkeka mmoja na Athuman ni mwiko!

"Ameshona mama," Batuli akasema. "Mimi sijui. Nisameheni."

Bi Mwantum akamshika kidevu. "Kutojua hakuvunji ndoa. Shona yako, hata ikiwa mbaya. Tutangoja mtama uvunwe. Na ushonee barazani, watu wakuone." Akaiacha kofia yangu mkekani, wakaondoka.

Basi nikamfundisha barazani, mbele ya kila mpita njia, nami nikishona kwa kushoto kama nilivyozoea. Wanawake wa kisimani walinisalimu kwa kicheko: "Bi Kuluthumu, hiyo ni ya mkweo?" Nikaitikia salamu, swali nikaliacha lipite. Batuli alijichoma, akalia, akafumua, akaendelea.

Kofia aliyoimaliza ilikuwa imepinda, na viua vyake vilikuwa kama macho ya makengeza. Siku ya ndoa Athuman aliivaa, ikamwangukia sikioni. Vijana wakacheka. Tukiwa nyuma ya pazia tulimsikia akiwajibu, "Chekeni! Hii ameishona mke wangu."

Batuli, kando yangu, alitabasamu mpaka machozi yakamtoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho. Furaha ile ningeweza kumpa tangu akiwa na miaka saba, nikamnyima ili watu waseme tumesoma.