Kiti cha Dirishani

Siku ile nyumbani kwangu, mtaa wa Rahaleo, tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuja likizo kutoka Ujerumani anakofanya kazi, na binti yake wa miaka minne. Walikuwa wanapanga matembezi ya treni huko Ulaya, na walitaka niende nao. Mtoto alipanga viti vya plastiki mstari mmoja sebuleni, vikawa treni yake.

"Shangazi, wewe unakaa dirishani. Lakini usisinzie!"

"Nikisinzia je?"

"Nitakufinya."

Mdogo wangu akacheka. "Dada, lete cheti cha kuzaliwa tuombe pasipoti."

Sikuwa nacho. Shule niliiacha darasa la tano, wazazi walipofariki. Vyeti vya wadogo zangu niliviomba mimi, nikaapa kwamba nilikuwepo walipozaliwa. Sasa karani wa ofisi ya vizazi alitaka mtu aliyekuwepo nilipozaliwa mimi. Nilikwenda Kitaya, kijijini kwetu, nikauliza nyumba hadi nyumba. Wote waliokuwepo wameshazikwa.

Wageni wangu wamerudi kwao. Viti sijaviondoa. Kila akipiga simu, mtoto ananiuliza nitakuja lini kukaa dirishani. Namwambia nakuja, na deni hilo bado sijamlipa.