Kulukulu Aliyekuja Kumbeba Wambui

Kama wewe ni mtu wa kusema "huyo alikuwa amesinzia," funga hapa uende ukakamue ng'ombe. Sikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimekunywa chai, na nilikuwa na hasira. Mtu mwenye hasira haoti. Haya niliyaona kwa macho haya mawili, na Form Four yangu kichwani, na mtoto wangu mgongoni.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa nimeandikwa kazi katika nyumba moja ya mawe huko Tetu, ukingoni mwa msitu. Mzungu mmoja alikuwa amerudi kwao akaacha makabati tele ya ndege, vipepeo na panya wa mlimani, wote wamekaushwa. Usicheke. Ilikuwa kazi ya heshima, na mimi nilikuwa naijua. Ndege akiletwa amekufa, unampasua tumboni polepole, unamvua ngozi na manyoya yake kama unavyomvua mtoto sweta, unaipaka ndani sabuni ya sumu ili wadudu wasiiguse, unaijaza pamba, unaweka pamba nyeupe mahali pa macho, unashona. Halafu unamfunga kikaratasi mguuni: ametoka wapi, ni dume au jike. Ukimaliza, analala chali kwenye droo, ametulia, mzuri kuliko bibi harusi.

Kazi niliipenda. Shida ilikuwa kelele.

Binti yangu Wambui alikuwa analia. Si kulia kwa njaa, la. Kulia tu, asubuhi mpaka jioni, kama mtu anayedai haki yake. Na haki yake ilikuwepo, niamini. Kwetu, msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, na mwenye jina ndiye humpokea, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki. Mama mkwe wangu, huyo Wambui mkubwa, alikataa. Kumbeba alikataa, mate alikataa.

"Huyo ananuka ndege wafu," aliniambia mlangoni pake, mikono nyuma. "Unashika maiti halafu unamnyonyesha? Acha hiyo kazi kwanza."

"Mama, mimi hunawa mpaka ngozi inachubuka."

"Ati kunawa! Kifo kinatoka kwa maji?"

Umewahi kusikia mtu anakataa kubeba jina lake mwenyewe? Mume wangu alikuwa Sagana na malori, anakuja mwisho wa mwezi, anasema "mtasikizana tu," anarudi. Basi nilimfunga Wambui mgongoni nikaenda naye kazini.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Ndirangu, mtu wa tai hata siku ya kusafisha choo. Kila Wambui alipolia, alitoa kichwa mlangoni. "Mama Wambui! Hii ni nyumba ya elimu ama ni kliniki?" Nami nilimjibu kuwa ndege hawajalalamika. Lakini siku moja alitangaza kwamba wageni wakubwa watakuja kutoka Nairobi kuamua kama nyumba ile iendelee ama ifungwe. Aliponigeukia, sauti yake ilikuwa ya chini sana. Hapo nikajua hatanii.

"Siku hiyo nisisikie mtoto. Nikimsikia mara moja tu, wewe na yeye mwende mkachume chai."

Katika siku hizo za kungoja, mkulima mmoja alileta kulukulu aliyenaswa na mtego wake. Unamjua kulukulu? Ndege wa msituni, kijani kama majani ya viazi baada ya mvua, mweusi kichwani, jicho limezungukwa na wekundu na mbele yake doa jeupe. Akikaa ni kijani tu. Akiruka, mabawa yanafunguka na ndani yake ni damu tupu. Na nikupe siri ya kazi: usimwoshe kwa maji ya sabuni. Ule wekundu wake unatoka, maji yanageuka ya waridi. Hakuna ndege mwingine niliyemshika wa kufanya hivyo.

Nilipompasua huyo, nikakuta kifuani pamebaki ngozi tupu, haina manyoya. Nilijua maana yake. Hivyo ndivyo ndege anavyokuwa akiwa anaatamia. Mahali fulani kwenye ule mti wa muiri juu ya paa letu kulikuwa na mayai yamepoa. Hasira ilinipanda mpaka sindano ikanitoka mkononi. Kwenye kikaratasi, mahali pa kuandika dume au jike, nikaandika: Mama.

Bwana Ndirangu akaisoma. "Nini hii? Ndege ni jike. Andika jike."

"Jike ni yeyote. Huyu alikuwa ameketi juu ya watoto."

Akachukua kalamu yake, akakata neno langu, akaandika jike. Alipotoka, nikakata lake, nikarudisha langu, nikakifunga kikaratasi mguuni kwa fundo la kuteka maji, lile lisilofunguka.

Siku ya wageni ilifika na ukungu wa kukata kwa kisu. Asubuhi nilipitia kwa mama mkwe kwa mara ya mwisho. Nilimbembeleza, jamani. Mimi! Akasema ana kuku wa kuangalia. Ati kuku! Basi nikaingia kazini kwa mlango wa nyuma, mtoto chini ya shali, nikajifungia katika chumba cha kukaushia, komeo ndani. Kulukulu wangu alikuwa pale mezani kwenye sinia, amekauka vizuri, macho ya pamba yanatazama dari.

Mchana nikasikia gari. Nikasikia Bwana Ndirangu akicheka kile kicheko chake cha wageni. Na Wambui, mgongoni, akaanza kuvuta pumzi. Unazijua zile pumzi? Zinazokuja kabla ya mlio? Nikamtoa, nikampa titi, akalikataa. Nikamtikisa, nikamwimbia kwa kunong'ona. Midomo ikaanza kupinda. Nikaona maisha yangu yote yakiteremka mashambani na kikapu cha majani chai mgongoni.

"Hodi hapa."

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na ukungu ulikuwa unaingia naye, kwa hiyo sikujua ameanzia wapi na ukungu umeishia wapi. Gauni lake lilikuwa la kijani. Kitambaa cheusi kichwani. Macho mekundu pembeni, kama ya mtu aliyepika kwa kuni mbichi, na mbele ya jicho moja alama nyeupe ya kovu.

"Hapa hatuuzi maziwa," nikamwambia kwa ukali.

"Sitaki maziwa. Nipe huyo nimbebe."

"Kwani unamjua?"

"Namjua sauti. Kila siku analia, nami niko hapo juu namsikia." Alionyesha juu kwa kidevu. "Nilikuwa najisemea, wangu wakitoka nao watakuwa na mapafu kama hayo."

Sasa utaniuliza, wewe mwanamke uliyesoma, ulimpaje mtoto mtu usiyemjua? Nikuulize nawe: umeshawahi kukaa na mtoto anayekaribia kulia, na kazi yako iko nyuma ya mlango? Mikono ya mtu yeyote ni mikono. Nikampa.

Alimpokea kama mtu aliyekuwa ametunza nafasi. Akainua mikono, na gauni likafunguka makwapani, na ndani yake, naapa, kulikuwa kwekundu. Kwekundu kama moto wa jikoni. Sikuogopa. Bado najishangaa. Nilitazama sinia, lakini alikuwa amesimama kati yangu nalo.

Akamfunua Wambui kifua. Akamtemea mate, kidogo, taratibu, kama nyanya yeyote wa kwetu. Yalinuka tunda la muiri lililoiva. Wambui akanyamaza. Akamtazama usoni kwa muda. Kisha mwanamke akatoa sauti kooni, ko-ko-ko-ko, na mtoto wangu, ambaye tangu azaliwe sijawahi kuyaona mafizi yake ila akilia, akacheka.

Akacheka! Nami nikacheka. Tukacheka sote, tumeziba midomo kama wasichana wa bweni.

"Mwenye jina lake amekataa kumbariki," nikajikuta namwambia. "Ana kuku."

"Kuku!" akasema yule, akapepesa macho kwa dharau ambayo sijapata kuiona kwa binadamu. "Kuku hata kuruka hajui."

Nikasikia viatu koridoni. Bwana Ndirangu alikuwa anawaleta huku. "Wanakuja," nikasema. "Nimfiche wapi?"

"Mtoto halali mahali pagumu," akasema. Hayo tu.

Nikakimbilia mlango kushika kitasa. Nyuma yangu droo ikavutwa, ikarudishwa. Nilipogeuka, chumba kilikuwa changu peke yangu. Komeo bado limefungwa. Na kwenye sinia, sikiliza vizuri, kulikuwa na pamba. Pamba yote niliyomjazia, bado na umbo la ndege, na kijiti nilichompitisha katikati kumnyoosha, na vipamba viwili vya macho vimekaa kandokando. Uzi niliomshonea ulikuwa umelazwa umenyooka, haukukatwa. Ngozi haikuwepo. Kama mtu aliyevua, hapana, kama mtu aliyevaa akaenda zake.

Mlango ukagongwa. Nifanye nini? Nikafungua.

Waliingia wanaume wa suti, na mbele yao mama mmoja mnene wa miwani, ambaye ilikuwa wazi ndiye anayeogopwa. Bwana Ndirangu akanipita kama mimi ni kiti. "Na hapa, mheshimiwa, tunahifadhi ndege wa msitu huu, katika hali ambayo hamtaipata popote." Akavuta droo kubwa. Ilikuwa droo mpya, namshukuru Mungu, haijaguswa na ile sumu, nilikuwa nimeitandika pamba juzi yake.

Wambui alikuwa amelala chali juu ya pamba, miguu juu, anatafuna ngumi. Alipomwona Bwana Ndirangu na tai yake akamcheka kwa mafizi yote.

Yule mama akashusha miwani, akainama. Mguuni kwa mtoto kulikuwa na kikaratasi, kimefungwa kwa fundo langu. Akakisoma kwa sauti:

"Tetu, ukingoni mwa msitu. Mama, imekatwa. Jike, imekatwa tena. Mama." Akanyanyua uso. "Huyu? Mbona nyinyi mna haraka hivyo?"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafutiwa stuli. Wanaume wa suti wakaona ruhusa imetoka, nao wakacheka.

"Mheshimiwa, nilimkataza huyu," Bwana Ndirangu alikuwa anasema, jasho linamtoka. "Nilimwambia mtoto asi—"

"Ulitaka amweke wapi mtoto? Kwa mfuko wa koti lako?" Mama akanigeukia. "Ni nani anawashona hawa ndege?"

"Ni mimi."

"Wote?"

"Tangu nije, wote. Na aliyeandika Mama pia ni mimi, na siwezi kufuta."

Akamtazama Bwana Ndirangu. "Bwana, nimetembea nyumba yako nzima, na hiki ndicho kitu cha kwanza kinachopumua. Huyu mama aje na mtoto wake kila siku. Na hiyo droo msiweke kitu kingine."

Nyumba haikufungwa, nami sikuchuma chai.

Kulukulu alitafutwa. Bwana Ndirangu alimsingizia paka. Paka gani anafumua mshono wangu bila kukata uzi? Nikamwacha na paka wake.

Jioni hiyo nikamwogesha Wambui uani kwa mama mkwe, kwa makusudi, ili amwone akicheka. Nilipopaka sabuni kifuani, maji ya beseni yakageuka ya waridi. Mama mkwe akapiga ukemi, "Mtoto anatoka damu!" Akamnyakua mikononi mwangu, amelowa vile vile, akamgeuza huku na huku, hakuna jeraha. Nami nimekaa chini nacheka hadi machozi, maana hakuwa amegundua kwamba amembeba. Alipogundua, alikuwa amechelewa: Wambui alishamshika sikio.

"Kuna mwingine amembariki kabla yako," nikamwambia, nikamsimulia yote.

Halafu akamfunua kifua akamtemea mate yake, kwa wivu kabisa, palepale juu ya yale mengine. Siku hizi kumnyang'anya huyo mtoto ni vita.

Wambui sasa anaenda nasari. Kulukulu mmoja hukaa juu ya ule muiri, na akiita, mtoto wangu huacha uji wake akajibu, ko-ko-ko-ko, naye ndege anaruka na kufungua moto wake juu ya paa. Majirani husema ni bahati. Sisi tunajua ni nani.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye ofisi na wewe mwenye kuku. Ukimfukuza mtoto, usidhani hakuna anayemsikia. Yupo mwingine juu ya paa lako, mikono yake haina kitu, anangoja tu ukatae. Na wewe mama mwenzangu, akikujia mwanamke wa kijani na kukuomba, usimuulize ametoka wapi. Mpe ambebe.

Mimi hukausha na kuhifadhi kila ninacholetewa, lakini kitu kimoja nakihifadhi kwa kutokigusa. Mwanangu kifuani namwogesha kwa maji matupu. Sabuni haijafika hapo tena tangu jioni ile.