Paa Lililolikataa Jino Langu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, niliamini kabisa kwamba paa la shule linaweza kumkataa mtu. Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe hucheka, ila si sana.

Tulikuwa Wakenya, watu wa Voi. Miaka ile ndiyo kwanza biashara ilikuwa imefunguliwa Tanzania, na wanunuzi binafsi walianza kupanda milima ya Uluguru kutafuta iliki na mdalasini, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Baba akawa mmoja wao. Alituhamishia Kinole, akatuandikisha mimi na kaka yangu Mwakio katika shule ya msingi ya pale.

Siku ya kwanza niliaibika kabla sijakaa. Nilimwambia mwalimu "Habari yako," kama tulivyozoea kwetu, darasa zima likanigeukia. Zena, msichana niliyepangwa naye dawati moja, alininong'oneza kwamba mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, na kwamba nimesamehewa kwa kuwa ni mgeni. Hilo neno mgeni ndilo nililorudi nalo nyumbani. Siku ya tatu mwalimu alinikabidhi jembe la bustani ya shule, akasema methali haikutungwa bure. Nililima, lakini niliendelea kuitwa mgeni.

Kisha jino langu la mbele likang'oka, nikiwa natafuna muhogo wakati wa mapumziko. Kwetu na kwao dawa ni moja: jino hutupwa juu ya paa, panya alichukue, alete jipya. Tulikwenda nyuma ya darasa, nikalirusha. Likabingirika juu ya bati, likadondoka miguuni pangu. Nikarusha tena. Likarudi. Mara ya tatu lilirudi upesi zaidi.

Zena hakuwahi kukosa maelezo. "Paa halikujui," alisema. "Halitaota jino hilo."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana nilimwamini. Nikalitia jino kwenye kiberiti kitupu, nikaanza kungoja. Kila asubuhi nilipitisha ulimi kwenye pengo na kukuta fizi tupu. Mwakio akanibatiza Kikongwe. Meno yake yote yalirushwa kwenye paa la nyasi la nyumba ya bibi yetu kule Voi, na yote yaliota, ushahidi ambao ulinimaliza. Nilimwomba baba turudi kwetu. Alisema iliki bado haijakauka. Nililia, na sikuwa nalilia jino peke yake.

Nadhani Zena alianza kusutwa na moyo, maana siku moja baada ya shule alinishika mkono akanipeleka kwa bibi yake, Bibi Mwanahawa. Tulimkuta mbele ya kibanda chake cha jiko kilichoezekwa kwa nyasi, akikwangua magome ya mdalasini. Nilimwamkia vizuri safari hii. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo hakuna mtu mzima mwingine aliyelifanya.

"Bati ni bati, mjukuu wangu," alisema. "Hata mvua haliwezi kuishika. Rusha hapa kwangu."

Nilirusha juu ya paa la jiko. Nyasi zikalimeza, halikurudi. Ndipo Bibi akaweka kisu chini.

"Lakini ujue, limelala kwetu. Utakwenda, nalo litakuita. Ukijifanya husikii, litakuuma."

Jino liliota, limepinda kidogo, na nikalipenda hivyohivyo. Miaka mitatu baadaye baba alifungua duka Voi. Tuliondoka alfajiri juu ya lori la ndizi, bila kumuaga Zena wala Bibi.

Nikawa mtu mzima, nikaolewa, nikazaa. Halafu jino lile lililopinda likaanza kuuma. Daktari alilikagua, hakuona tundu. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini wiki hiyohiyo niliandika barua kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya Kinole, nikiuliza kama kuna anayetukumbuka. Niliogopa kimya kuliko jibu lolote. Jibu lilitoka kwa mwalimu wa darasa la tatu, na mwalimu huyo alikuwa Zena. Aliandika kwamba twende, Bibi bado yupo, ila jiko wameliezeka bati, na nyasi za zamani walizimwaga migombani.

Tulikwenda, mimi na Mwakio. Watoto walisimama wakaimba "Shikamooni, wageni," na Zena akawakatiza. Aliwaambia hawa si wageni, hawa wamelima bustani ile pale. Nikachelewa kuitikia marahaba, kwa sababu nilikuwa naitazama bustani.

Bibi Mwanahawa alikuwa haoni tena. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikaanza kueleza mimi ni nani. Hakungoja. Alinishika taya, akapitisha kidole gumba kwenye jino lililopinda.

"Hili la kwetu," alisema. Kisha akauliza kama tumekula.

Siku hizi sijui kama jino humwita mtu. Ninachojua ni kwamba nilitumia utoto nikiomba paa linikubali, kumbe paa halina kazi hiyo. Watu ndio wanaoishika. Jino bado huniuma mara mojamoja, na sijarudi kwa daktari. Likianza, humpigia Zena simu.