Mwenyekiti wa Mazishi Aliyeiogopa Anime ya Kengele

Wakuu, salamu kutoka Awendo. Nayaleta haya kama yalivyotokea. Sikuyatia chumvi, yalikuja nayo ya kutosha.

Mpwa wangu Atieno, aliye chuoni, ndiye aliyenizoesha kutazama anime. Tulikuwa tukifuatilia moja ya kutisha: msichana mnyonge anapewa kengele na pepo. Akiipiga huku akikutazama, unakuwa bubu.

Anaanza na waongo na wezi, na mtaa mzima unamshangilia. Baadaye ananyamazisha wanaombishia. Mwishowe, mama yake mzazi.

Likizo moja Atieno aliwaonyesha vijana wenzake anime hiyo katika ukumbi wa kanisa, kwao Magunga. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaingia, akachomoa waya wa TV.

"Mapepo ya Wajapani hayatakaa hapa nikiwa hai," alisema. Hakuwa ametazama hata dakika moja.

Niwajulishe bwana huyu. Zamani kazi yake matangani ilikuwa kupanga viti, na alikuwa mpole kweli. Akapewa mic kwa sababu ana sauti nzuri.

Alianza kwa kuwakatiza walevi, na wanasiasa wanaopiga kampeni juu ya jeneza. Tukapiga makofi. Kisha akawakatiza wazee waliomkosoa. Hatimaye ikawa hata mjane hasemi neno la kumuaga mumewe mpaka ampelekee mwenyekiti jogoo.

Basi dada yangu, mama yake Atieno, akafariki.

Atieno alitaka jambo moja tu: kumsemea mama yake kabla hajafukiwa. Jibu la mwenyekiti lilikuwa hili: "Mtoto anayeshabikia mapepo hatashika mic yangu."

Yangu, wakuu. Ilinunuliwa kwa mchango wa akina mama.

Siku ya mazishi akamwita kontrakta, akamwita mgombea wa udiwani, kisha akajiita mwenyewe, kwa kirefu. Nikamwendea.

"Mwenyekiti, binti wa marehemu bado."

"Madam, programu imefungwa. Huko shuleni kwenu ndiko unakofundisha. Hapa kaa."

Niliporudi kitini, Atieno akaninong'oneza, "Anti, huyu amefika episode gani?"

"Ya mwisho," nikamjibu.

Aliyelewa mic alikuwa amesahau kitu ambacho kila Mjaluo anakijua: dengo, yale maombolezo ya kuimba, haliombewi ruhusa. Mfiwa akiinuka nalo, hakuna mzee wala askofu wa kumkalisha.

Atieno akatembea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, akaanza. Alimwita mama yake kwa majina yake ya sifa. Akaimba omena, wale dagaa ambao mama aliwaanika juani na kuwauza ili yeye asome. Akamwuliza ni nani sasa atakayemsuta akichelewa kuamka.

Wanawake wakainuka, wakamzunguka wakiitikia. Kisha wanaume. Hata mgombea alifuata; kura ni kura.

Mwenyekiti akaongeza sauti ya spika. "Order, watu wangu. Order." Alipochoka, alikuwa akivihutubia viti vya plastiki, vilevile alivyokuwa akivipanga zamani.

Nilichojifunza ni hiki: anayewakataza kutazama hadithi ya mtu aliyeharibiwa na madaraka, mwangalieni kwanza ameshika nini mkononi. Na pepo hahitaji kutoka Japani. Makofi yetu yanamtosha.

Kwenu, nani ameshika kengele? Semeni bila woga. Hapa hakuna wa kuchomoa waya.