Siku Niliyopongezwa kwa Mtoto wa Mke Niliyemfukuza

Mwaka 2012, mwezi wa sita, karani wa ofisi ya kambi aliniita dirishani akanishika mkono.

"Hongera, baba. Mke wako amezaa kijana. Kilo tatu na nusu."

Shida ilikuwa moja tu. Huyo mke nilikuwa nimeachana naye miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo sikuwahi kumuona hata kisogo.

Naitwa Elisée, mtu wa Uvira, Kongo, naendesha boda hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Tulieni niwaeleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Gisèle alipoondoka, hakuna kati yetu aliyeenda kutenganisha kadi ya familia. Tuliogopa foleni, na tuliogopa faili letu la kwenda Ulaya lisije likarudi chini kabisa. Wako wengi humu kambini walioachana zamani, ila kwenye kadi bado wanaishi pamoja kwa amani.

Sasa Gisèle, ambaye alishaolewa mjini Mbarara, alikuja Juru, mtaa wa humu kambini, kumsalimia shangazi yake. Uchungu ukamkamatia huko, akajifungulia zahanati ya kambi. Muuguzi akauliza namba ya kadi. Kompyuta ikaona mkuu wa kaya ni mimi.

Basi nikawa baba.

Habari ilifika steji ya boda kabla yangu. Wenzangu wakaninyanyua juu juu. Jirani yangu Mukamana akaleta uji wa mzazi, na mzazi hayupo. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Kwa sababu Gisèle nilimfukuza mimi, na nilimfukuza kwa kumwita mgumba.

Miaka sita hatukupata mtoto. Jumapili moja watu wakitoka ibadani, nilisimama mbele yao nikasema huyu mwanamke nimemlisha bure. Alichukua kitenge chake na Biblia, akaenda zake.

Na sasa amezaa. Kumbe nilimdhulumu mchana kweupe. Nikajua sitatulia mpaka aniambie kwa mdomo wake kwamba amenisamehe.

Karani alisema ili mtoto atoke kwenye kadi yangu lazima twende wote wawili tukatie sahihi. Nikapata kisingizio. Nikafunga majogoo wawili nyuma ya pikipiki, nikashika njia ya Mbarara.

Shida ya pili: mume wake mpya ni mwanajeshi.

Nilibisha hodi kwenye nyumba za askari. Akatoka Sajini Ignatius mwenyewe, amevaa fulana ya ndani, mikono minene kuliko mapaja yangu.

"Wewe nani?"

"Mimi ni baba ya mtoto," nikasema. Kweli ya Mungu, ndivyo ulimi ulivyoniponza.

Akanitazama. Akatazama majogoo.

"Sema tena."

Nikaeleza kadi, muuguzi, kompyuta, huku jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu. Yule bwana alicheka mpaka akashika ukuta.

"Gisèle, kuja uone. Bwana yako ya kompyuta nafika."

Gisèle akatoka na mtoto mkononi. Alikuwa amenawiri. Nikapiga magoti pale pale mlangoni.

"Gisèle, nilikukosea. Nilikuchafua mbele ya bantu ba kanisa. Sikuja kukuomba urudi, hapana. Naomba tu unisamehe, tukikutana tuweze kusalimiana."

Akampa mumewe mtoto, akaingia chumbani. Nikaona basi, nimekwisha.

Akarudi na bahasha ya zamani.

"Elisée, unakumbuka tulipimwa wote wawili hapa Mbarara, kisha ukanituma peke yangu nichukue majibu?"

Nilikumbuka. Aliporudi aliniambia wamesema tungoje Mungu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, mimi nilisoma kwa Kifaransa. Hata sikuishika.

Ignatius akaipokea, akanisomea taratibu.

"Bibi iko sawa. Bwana ndiyo iko na shida, mishipa. Operesheni kidogo tu, napona."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Benzako balikuwa banakucheka ku steji," Gisèle akasema. "Nikaona heri bacheke miye. Lakini uliponifukuza nikashikwa na hasira, nikaondoka na hii karatasi makusudi. Miaka mitatu ungeweza kutibiwa. Kila nikimunyonyesha huyu mtoto ninakukumbuka, roho inaniuma. Na miye naomba unisamehe."

Nililia. Yeye akalia. Sajini naye akageukia dirishani, eti anambembeleza mtoto, na mtoto amelala fofofo.

Jogoo mmoja tulimla siku ile ile.

Wiki iliyofuata tulitia sahihi. Jumapili nikasimama kanisani nikasema ukweli wote, nani alikuwa mgumba na nani alinisitiri. Wamama walipiga vigelegele, wanaume wakatazama viatu vyao.

Halafu Ignatius akanipeleka mwenyewe hospitali.

"Huyu mgonjwa ana ndugu hapa?" daktari akauliza.

"Mimi," Ignatius akajibu. "Mimi bwana ya bibi yake."

Daktari aliinua kalamu, akafikiri kidogo, akaandika: kaka.

Leo ni 2015. Operesheni ilikwenda salama. Kuhusu mengine msiniulize. Mke wangu wa sasa, Perpétue, ana mimba ya miezi saba na amenikataza kutangaza.

Ninachowaambia ni hiki. Ukienda kumuomba msamaha mtu mliyeachana, usiende na hotuba yako tu. Nenda na masikio pia. Mimi nilijiona mkarimu kwa kukiri kosa langu, kumbe nusu ya ndoa yangu nilikuwa siijui, na aliyekuwa anaijua alikuwa akiona aibu kunitafuta.