Mtu Aliyebaki Dirishani

Kinyozi wa jirani bado anapayuka. Kwa miaka ishirini na ushei alizoea kusema na wateja wake juu ya mngurumo uliopenya ukutani kutoka ukumbi wa Mzee Sarafu. Sasa mngurumo umekwisha, lakini sauti yake haijapata habari. Akimwuliza mtu kama apunguze kisogoni, mtaa mzima unajua. Mteja akicheka, kinyozi hushusha sauti, kisha hutega sikio upande ule wa ukuta, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna kitu. Upande wa pili kuna magodoro tu, na magodoro hayana la kusema.

Mzee Sarafu hakupewa jina hilo kwa utajiri. Alivaa shingoni sarafu moja iliyotobolewa na kufungwa uzi, ambayo aliitumbukiza kwenye mashine zake za michezo ya video kila asubuhi kuzijaribu, kisha akaivuta tena. Kabla ya hapo alikuwa fundi redio. Kampuni moja ya michezo ilipofunga milango, yeye akanunua mashine sita ambazo wenzake walisema zinafaa kwa banda la kuku. Alizifungua, akazisafisha kwa brashi ya meno, akazipanga kwenye ukumbi uliokuwa ghala la saruji. Akaongeza sanduku la muziki lililochagua santuri lenyewe bila kumsikiliza mtu: ulibonyeza taarabu, likakupa dansi. Watu walilipenda kwa ubishi wake.

Halafu kuta. Mzee hakusoma uchoraji popote, ila alikuwa na makopo ya rangi za magari yaliyobaki kwenye gereji, na alikuwa na sheria moja: atakayeongoza kwenye mashine, sura yake itachorwa ukutani juu ya mashine hiyo. Ndivyo mwuza mkaa alivyopata kung'aa kama boneti jipya, na karani wa posta akawa na macho ya bluu ambayo hakuzaliwa nayo. Ukipitwa, unapakwa chokaa, anachorwa aliyekupita. Wageni walitoka mbali kuja kuona. Walipiga picha, wakacheza, wakabishana na sanduku la muziki, wakaondoka wakisema mzee ana vituko.

Binti yake ndiye aliyewapokea. Alikuwa mshonaji; cherehani yake ilikaa kwenye kona kati ya mashine ya mbio za magari na ile ya wazimamoto, na mapazia ya nusu ya mtaa yalishonwa humo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Wa Pili, na hilo lilitokana na mashine ya wazimamoto.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Jengo linaungua. Mzimamoto mdogo wa manjano anapanda ngazi, anamtoa mtu dirishani, anamshusha, anarudi. Moto unazidi kasi, madirisha yanazidi juu. Ukishika fimbo ya kuongozea vizuri unaokoa watu hamsini. Ukiwa na mkono mwepesi, mia mbili. Kaka yake Wa Pili, kifungua mimba wa Mzee, aliwahi kuokoa mia nne na kumi na wawili. Akaandika herufi tatu za jina lake juu kabisa ya orodha, na baba yake akamchora siku hiyohiyo, akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

Mwaka huohuo kijana akaondoka. Mama yao alikwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuingilia kati. Alifunga mkoba akasema, "Baba, mimi sitazeekea kwenye midoli." Mzee alikuwa na bisibisi mdomoni. Hakuitoa.

Tangu hapo mashine ya wazimamoto haikuzimwa. Ilikuwa ya kizamani. Ilikumbuka washindi wake mradi ina umeme, na umeme ukikatika hata kwa kupepesa jicho, ilisahau wote na kuanza na sifuri. Mzee akaifungia betri mbili za gari nyuma yake. Umeme ukikatika mtaani, ukumbi mzima uliingia giza isipokuwa kioo kile kimoja, na jina la kijana wake likiwaka juu yake. Alikagua maji ya betri kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Wa Pili alikuwa na miaka kumi na minne alipofika mia nne na kumi na mmoja kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Simama hapo," alisema.

"Baba, nimebakiza mmoja tu nimfikie."

"Nakuambia simama. Kaka yako akirudi akute nafasi yake."

Akaachia fimbo. Mtu wa mia nne na kumi na mbili alikuwa dirishani ghorofa ya juu, anapunga mikono miwili. Moto ukapanda. Mtu akageuka mwekundu, akatoweka, na mashine ikamwandika binti kwenye mstari wa pili.

Angeweza kuacha kucheza, na mara nyingine aliacha, miezi mitatu, minne. Lakini cherehani ilikuwa palepale, hatua mbili, na mikono yake iliijua fimbo ile kuliko ilivyojua mkasi. Akacheza tena. Akafika palepale, akamwacha mtu dirishani, akarudi kwenye mapazia yake. Orodha ilikuwa na mistari kumi. Baada ya miaka michache, wa juu ulikuwa wa kaka yake na tisa yote ya chini ilikuwa yake, yote ya mia nne na kumi na mmoja.

Ukutani juu ya mashine, kaka alizeeka. Huo ulikuwa utaratibu wa Mzee: kila mwaka alipanda kwenye kreti na kuongeza mvi mbili tatu, mstari kwenye paji la uso, uzito kidogo shavuni, kwa kukisia. Wageni walishangilia sana jambo hilo. Walisema ni upendo uliochorwa. Wa Pili alishika kreti lisiyumbe. Alimpa baba brashi, akapokea brashi, na katika miaka hiyo yote, baba yake, mtu aliyeweza kuona kunyanzi la mwana asiyemwona, hakuwahi kugundua kwamba aliyeshika kreti naye ana mvi.

Jumamosi moja alikuja mwalimu wa chuo cha sanaa na wanafunzi wake kumi. Mwanamke mfupi, miwani kichwani. Wengine walikwenda kwenye sanduku la muziki kugombana nalo. Yeye akabaki mbele ya orodha.

"Dada," alimwita Wa Pili, "hizi herufi za mistari tisa ni za nani?"

"Zangu."

"Mtu anaweza kukwama mahali pamoja mara moja. Mbili, sawa, bahati mbaya. Mara tisa?"

"Mara tisa ni hizo zilizopata nafasi," alisema Wa Pili, akiuma uzi kwa meno.

Mwanafunzi mmoja mrefu akadakia, "Huyu si wa pili, huyu ni wa pili mpaka wa kumi," na wenzake wakacheka. Wa Pili naye akacheka, maana utani ulikuwa mzuri. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mzee, akatazama ukuta, akasema tu, "Na sura yako iko wapi, dada?"

Swali hilo alikaa nalo kwenye cherehani siku nne. Alhamisi mchana, baba yake akiwa kwenye usingizi wake wa baada ya chakula, alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha duka la kinyozi na kumpigia kaka yake. Namba aliipata kwa binamu miaka mingi iliyopita, na walikuwa wakisalimiana kwa misiba na harusi.

"Mashine ya wazimamoto?" kaka alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto. "Hiyo takataka bado ipo?"

"Ipo. Baba hajaizima tangu uondoke."

Kaka akacheka, si kwa ubaya. "Hata sikumbuki kama niliongoza. Ninachokumbuka ulikuwa mdogo na ulikuwa unanifunga. Mpite mwenyewe huyo mtu wa juu, mdogo wangu. Mimi huko sirudi. Mwambie Baba hivyo."

"Mwambie wewe."

"Ah," alisema kaka, "mtoto analia huku, tutaongea."

Hakumwambia Baba. Alirudi kwenye pazia la kijani la mke wa mchungaji, akashona pindo lote kinyume, akalifumua.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa, kwa sababu wanafunzi wale walikuwa wamesambaza picha. Saa kumi hivi Wa Pili aliondoka kwenye cherehani, akajifuta mikono kwenye gauni, akashika fimbo. Yule mwanafunzi mrefu alikuwepo na utani wake, lakini aliuacha Wa Pili alipofika mia tatu, na alipofika mia nne hata sanduku la muziki lilikuwa limemaliza wimbo na hakuna aliyelikumbuka. Mzee alikuja na kikombe chake cha chai. Alisimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya bega la kushoto.

Mia nne na kumi na mmoja. Yule mtu akatokea dirishani, akapunga mikono.

"Simama hapo," alisema Mzee.

Alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia pia, kwa mara ya kwanza, kwamba hiyo haikuwa sauti ya kuamuru. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Kama angeisikia hivyo akiwa na miaka kumi na minne, pengine angesimama maisha yake yote bila uchungu. Sasa alikuwa na arobaini kasoro miwili. Alisukuma fimbo juu. Mzimamoto wa manjano akapanda, akamkumbatia yule mtu, akamshusha ngazi baada ya ngazi mpaka chini.

Ukumbi ukapiga kelele. Wa mia nne na kumi na tatu. Wa kumi na nne. Alikuwa akilia na vidole havikosei.

Mzee aliweka kikombe juu ya mashine ya mbio za magari, taratibu, asimwage. Akainama nyuma ya mashine. Watu walidhani anakagua betri, kama kawaida yake. Alichomoa plagi, kisha akafungua nyaya za betri moja baada ya nyingine kwa vidole, yeye aliyewafundisha mafundi wote wa mtaa wasiguse nyaya bila koleo.

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake Wa Pili alijiona mwenyewe, na kichwa cha baba yake kikiinuka nyuma.

"Nilikuambia usimame," alisema Mzee.

"Sasa akirudi atakuta nini, Baba?"

Mwanafunzi mrefu, kwa nia njema, alirudisha plagi kwenye soketi. Mashine ikaamka ikiwa na mistari kumi ya sifuri. Mzee aliitazama mistari ile mpaka wa mwisho, akaenda kwenye swichi kuu karibu na mlango, akazima kila kitu, pamoja na taa. Wageni walitoka mmoja mmoja, wengine wakimshika Wa Pili bega. Kinyozi wa jirani alisikika wazi ukutani akimwambia mteja habari za goti lake.

Mzee hakuufungua tena ukumbi. Mwenye jengo alingoja miezi miwili kisha akaleta mtu wa magodoro. Chuo cha sanaa kilichukua mashine, na mwalimu wa miwani alitaka pia kuichukua sura ya ukutani, lakini ukuta haubebeki. Wa magodoro aliipaka chokaa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mvi zilionekana. Wa Pili alimpigia kaka yake kumweleza, na kaka alisema atakuja kuzungumza na mzee mambo yakitulia.

Hiyo ni miaka mitatu sasa, na kaka hajaja. Mzee Sarafu anaishi kwa binti yake, ghorofa ya pili, chumba kinachotazama uwani. Chai anainywa saa kumi, na ni Wa Pili anayempelekea.