Mgomba wa Kaburini

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekata saa nne, lakini maji yameendelea kushuka kwenye mawe ya mlimani mpaka uani kwetu kana kwamba bado inanyesha. Baada ya hapo joto la kukaba.

Shangazi amekuja. Amefika saa saba mchana, viatu mkononi, kanga imelowa mpaka magotini, na hakubeba kitu. Naandika hilo la kutobeba kitu kwa sababu tangu niolewe hapa mjini, Mabatini, hajawahi kuja mikono mitupu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuleta ndizi. Nimeona nisikupe shida."

Nimemwambia karibu kiti.

Nataka niandike jambo hili tangu mwanzo, nisimwonee mtu, na mimi mwenyewe nisijipendelee. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mume wangu husema nikisimulia huanzia katikati. Labda ni kweli. Basi naanzia kwa mume wa Shangazi.

Yeye alizama ziwani miaka mingi iliyopita, akitoka kutega nyavu. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Kwetu ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, mwili usipoonekana hatuachi hivi hivi. Unakatwa mgomba, gogo lake linavikwa sanda, linaliliwa na kuzikwa kama mtu, ili mjane apate pa kukaa na watu wapate pa kumalizia kilio. Gogo linakatwa juu ya ardhi, ndiyo desturi. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, wanaume wana haraka, na mgomba wakaung'oa mzima na mizizi yake. Aliyeng'oa ni baba yangu, kaka yake Shangazi. Marehemu sasa, lakini sitamficha.

Baada ya miezi miwili kaburi likachipua.

Wazee walikaa siku nzima. Wengine walisema ung'olewe, wengine walisema huenda mtu yupo hai mahali. Shangazi aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Mtu amezikwa, amechipua. Mkimng'oa, safari hii mtakuwa mmemuua ninyi." Hakuna aliyethubutu kushika jembe.

Akauwekea uzio wa miiba, mbuzi wasile. Kila asubuhi akawa anapita pale na kuusimulia habari za kijiji. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu: "Mafuta ya taa yamepanda. Mwenyekiti kaoa tena, mtu mzima hana haya. Na wewe umesimama tu, wenzako wote wamezaa." Ulipozaa alikula, akawagawia majirani, nao wakala. Walikuwa wanataniana, "Leo tumelishwa na marehemu." Hakuna aliyeumwa tumbo. Hiyo ni miaka mingi, na mtu yeyote wa kule akisema vinginevyo anasema uongo.

Sasa mimi. Nina kibanda cha chai na maandazi Mirongo, karibu na ukumbi mmoja ambako waigizaji hufanyia mazoezi. Anayewaandikia michezo ni dada mmoja wa Kihaya, alisomea ualimu hapo Butimba, akafundisha kidogo, akaacha. Tunamwita Mwalimu mpaka leo. Alikuwa anakaa kwenye benchi langu na daftari, ananiuliza habari za kwetu. Nami nikapata raha. Si kila siku mtu mwenye elimu anakusikiliza huku kalamu yake inatembea. Nilimsimulia habari ya mgomba nikicheka, naye alicheka mpaka chai ikampalia. Hakunidanganya. Aliniambia, "Mama, hii nitaitumia." Nikamjibu, "Tumia tu."

Mchezo ulipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, nilikaa mbele kabisa na watoto wangu. Ni kijiji cha mbali, kila mtu ana kichaa chake. Yupo mwenyekiti anayeitisha mikutano akiwa peke yake na kujipigia kura ya kujipinga. Wapo ndugu wawili wenye jozi moja ya viatu, kila mmoja anavaa kimoja, wanatembea wameshikana. Na yupo bibi mjane mwenye mgomba kaburini. Anawapelekea majirani ndizi na tabasamu, na kila anayekula anakufa kifo cha ajabu: mmoja kaangukiwa na redio yake mwenyewe, mwingine kacheka kwenye mazishi ya yule wa kwanza mpaka roho ikatoka.

Inachekesha. Ni lazima niandike hivyo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Na hapo ndipo nilipokosea, Mwalimu hakuwepo. Usiku huohuo nilimpigia simu binamu yangu kijijini. "Mmeona? Yule ni Shangazi! Hadithi nimeitoa mimi!" Nilitaka wajue kwamba na mimi nimetoa kitu. Jumapili iliyofuata walijaa mwaloni, pale wanaposhushia samaki, kwenye kibanda chenye televisheni ya sola, wanamtazama Shangazi. Bila simu yangu wangeona bibi tu. Labda wangegundua wenyewe, sijui. Mume wangu anasema wangegundua. Nadhani ananihurumia.

Watoto wa kule wakaanza kumwita kwa jina la yule bibi wa kwenye mchezo. Mwanzoni aliitika. Alidhani ni utani.

Kisha, mwezi wa tisa, akafa jirani yake, mzee aliyeugua kifua tangu mwaka jana na aliyekuwa anakohoa damu kabla hata mchezo haujaanza. Lakini alikuwa amekula ndizi zile. Kila mtu alikuwa amekula.

Kwetu msiba ukitokea kila mwanamke hupeleka mzigo wa kuni na ndoo ya maji. Shangazi alipeleka zake asubuhi na mapema. Jioni alinipigia simu.

"Mwanangu, kuni zangu hazijawashwa."

"Labda zilikuwa mbichi, Shangazi."

"Mimi ni wa kupeleka kuni mbichi? Zipo pembeni pale pale nilipozitua. Wameenda kuomba nyingine kwa watu wa ng'ambo ya korongo. Na maji yangu wamemwagia mti."

Upande wetu mambo ya namna hii kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake huwa hayaishii kwenye kuni. Kila mtu wa kwetu anajua yanakoishia. Sitaandika zaidi.

Kesho yake nilimngoja Mwalimu kibandani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na aliumia, nilimwona. Akasema, "Mama, vipande vyote vimesharekodiwa. Na bibi wangu si shangazi yako. Wangu ana jino la dhahabu, ana bunduki chini ya kitanda. Wangu ni mtu wa kubuni."

"Lakini mgomba ni wake."

"Mgomba ni wake, ndiyo."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kushika, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Aliahidi waandike mwanzoni kwamba hadithi ni ya kubuni, na wameandika. Maneno madogo, yanapita upesi. Kijijini nani anayasoma? Hata mimi sijayamaliza hata mara moja.

Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, wa kweli, si yule wa kujipigia kura. Naye ni mtu mwema. "Hakuna aliyemshtaki kwa uchawi, mama. Angeshtakiwa ningeita kikao, ningemtetea. Sasa niwakamate watu kwa kutokuwasha kuni?" Nikasema nitakuja mwenyewe niwaeleze. Akanishauri nisije. "Utasema nini? Ukisema ni uongo, watauliza nani aliutunga." Nimelifikiria hilo siku nyingi, na kila nikilipindua naliona lilelile.

Basi leo, baada ya kubadili kanga na kunywa chai, Shangazi ameniambia, "Nataka kumwona huyo mimi."

Nimesema luninga ina shida. Mwanangu wa kike, ana miaka tisa, akadakia, "Mama, mbona asubuhi ilikuwa nzima?"

Saa kumi na mbili tumekaa. Shangazi amekaa kwenye mkeka karibu kabisa na kioo, kwa sababu ya macho yake. Alipotokea mwenyekiti wa mikutano, akapiga kofi: "Huyu ni wa kwetu! Huyu ni wa kwetu kabisa!" Ndugu wa viatu walimchekesha mpaka akajifuta machozi. Akatokea yule bibi. Leo alikuwa anaumenyea ndizi mgomba wake na kuulisha, huku anataja majina ya majirani waliobaki. Mume wangu alikuwa anatazama kucha zake.

Shangazi alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ananishinda nguo."

Hakuna aliyecheka.

"Huyu mama," akaendelea, "mbona hana watu? Tangu mchezo umeanza sijaona ndugu yake hata mmoja anaingia humo ndani."

"Wamemtunga hivyo, Shangazi."

"Aa. Mtu akikosa watu lazima aongee na mgomba." Akageuka kunitazama. "Mimi nina wewe."

Hakusema kwa kunisuta, au mimi sikusikia suto. Nilitaka kumwambia pale pale kwamba ni mimi niliyepiga simu. Nilishafungua mdomo. Nikaona akishajua atakuwa hana hata huyo mmoja, nikaufunga. Sijui kama huko ni kumhurumia au ni uoga. Nadhani ni uoga, na kidogo huruma.

Badala yake nimemwomba abaki hapa mjini. Chumba cha watoto kinatosha, atanisaidia kibandani, mume wangu amekubali bila kunung'unika. Amekataa.

"Nikihama watasema nimekimbia. Anayekimbia ana kosa."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nitakuwa nipo." Akakunja miguu. "Mgomba wameshaukata, usihangaike. Juzi nilipokuwa mwaloni. Na mizizi wamechimba, wametia chumvi. Sijui nani. Nikiwasalimia wote wananiitikia vizuri."

Hilo alikuwa hajaniambia. Alilisema kama mtu anayesema kuku wake wameibwa. Nimemuuliza amelala vipi tangu juzi, akasema kwa jirani hawezi kuomba, kwa hiyo amelala kwake, mlango ameuegeshea kinu.

Kesho atapanda gari la kwanza. Mume wangu amesema atamsindikiza mpaka nyumbani, akae naye siku mbili. Siku mbili. Baada ya hapo sijui. Nimemtumia Mwalimu ujumbe kumweleza kuhusu mgomba, amejibu "Pole sana Mama, kweli nimeumia," na naamini ameumia.

Akija hapa, Shangazi huninyang'anya jiko. Husema ugali wangu ni uji uliochelewa. Leo nilimkabidhi mwiko, akaukataa, akakaa kwenye kigoda mlangoni mikono amekunja mapajani. Hakugusa sufuria wala sahani wala chumvi. Nimesonga mwenyewe, umetoka laini, hakusema neno.

Usiku tumekula ugali kwa sato wa kuchemsha na mchicha. Shangazi alinawa, kisha akangoja, asitangulize mkono wake kwenye ugali. Watoto wakamega, mume wangu akamega, nami nikamega. Alipoona sote tumemeza, ndipo naye akala.